Toazi la Pili

Mpiga drams anapotaka kuongeza toazi, swali la kwanza si bei wala ukubwa. Swali ni hili: yale aliyonayo yanashindwa kusema nini? Ni rahisi kulitamka, lakini ni gumu kuulizwa na watu kumi na wawili wanaomiliki fedha kwa pamoja, na ugumu huo ndio ulionisukuma kuandika.

Kwa msomaji asiye mwanamuziki, drams za kawaida huwa na matoazi ya aina tatu. Yapo mawili yanayolaliana, yakifunguliwa na kufungwa kwa mguu. Hayo huitwa haihati. Lipo kubwa liitwalo raidi, ambalo hutunza mwendo wa wimbo. Kisha lipo la krashi, lipigwalo mara chache, pale kiitikio kinapoingia au wimbo unapogeuka. Kazi yake ni kusisitiza. Kikundi chetu cha muziki hapa chuoni kina krashi moja ya inchi 16, nzito, yenye sauti kali na ya juu.

Kikundi hicho kina wahadhiri, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi. Tunacheza upatu, na mzunguko mmoja kila mwaka ni wa kikundi chenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba upatu ni jina pia la sahani ya shaba ipigwayo katika ngoma za pwani. Kwa hiyo fedha za upatu kununua toazi ni kama zimerudi nyumbani. Mwaka huu mzunguko uliangukia krashi ya pili. Kwa kuwa nilipiga drams tangu nikiwa mwanafunzi, na kwa kuwa cheo cha udaktari huwanyamazisha watu hata mahali kisipohusika, wajumbe walitarajia niseme neno moja na mjadala ufungwe. Niliomba kwanza tusikilizane.

Yalitolewa mapendekezo matatu. La kwanza: tununue la inchi 18, zito zaidi, lisikike hadi getini. La pili: kwa fedha hizohizo tungeweza kupata seti ya matoazi manne mapya. La tatu: lolote litakalonunuliwa liwe na nembo moja na lililopo, ili yapatane.

Hoja ya seti ilikuwa na mvuto wa hesabu, lakini seti za bei hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao sauti yake ni fupi na kavu. Matoazi yanayothaminiwa zaidi na wanamuziki hutengenezwa kwa shaba na bati, takriban asilimia 80 kwa 20. Hoja ya nembo nayo haikusimama. Zildjian ni jina la familia ya Kiarmenia iliyoanza kazi hiyo Istanbul mwaka 1623. Karne nyingi baadaye, ndugu wawili wa ukoo huo walitofautiana, na mmoja wao akaanzisha Sabian nchini Kanada mwaka 1981. Nembo mbili zinazoshindana sokoni zimetoka katika nyumba moja, na matoazi mawili ya nembo moja yanaweza kugombana vibaya masikioni. Upatanifu hupimwa kwa kuyapiga pamoja.

Ilibaki hoja ya kishindo, nayo ndiyo iliyokuwa na wafuasi wengi. Hapo nilimgeukia mpiga drams wetu wa sasa, binti wa mwaka wa tatu ambaye hakuwa amesema lolote tangu kikao kianze.

“Shikamoo, Daktari,” alisema, kisha akasita kidogo. “Hili tulilonalo halina upungufu wa kelele. Tatizo lake ni kwamba ukiligusa taratibu halijibu. Mpaka ulipige kwa nguvu. Na nikilipiga kwa nguvu, maneno ya waimbaji yanapotea.”

Alikuwa ameeleza fizikia yote kwa sentensi nne. Toazi nene huhitaji nguvu nyingi ili lianze kutetemeka lote, na likishaamka hupaza sauti ya juu inayokata kila kitu. Toazi jembamba la ukubwa uleule hufunguka kwa pigo jepesi, kwa sauti ya chini zaidi, kisha hufifia mapema. Kipenyo kikiongezeka, sauti hushuka na mlio hurefuka. Kwa hiyo inchi 18 lilikuwa wazo zuri. Kosa lilikuwa uzito.

Tulikwenda naye Kariakoo, tukiwa tumebeba krashi yetu ya zamani. Nilimwachia apige, nami nikasimama mbali, kwa maana apigaye hasikii kile asikiacho msikilizaji. Alipitisha kijiti ukingoni kwa mshazari, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu, kila mara akilinganisha na la zamani. Tulikagua ukingo kutafuta nyufa, na tundu la katikati kuona kama limelika, maana matoazi kadhaa yalikuwa yamekwishatumika. Tulirudi na jembamba la inchi 18.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama ofisi zetu za umma kwa jicho la yule binti. Mwananchi huandika barua kuhusu kisima kilichokauka, kimya. Huandika ya kukumbushia, kimya. Siku picha ya akina mama waliobeba ndoo tupu ikisambaa mitandaoni, mkuu hufika kabla ya adhuhuri akiwa na waandishi wa habari. Tumewafundisha wananchi kwamba dola hujibu ikipigwa kwa nguvu tu, kisha tunawalaumu kwa kukosa staha. Nasi tunapotaka kurekebisha hali hiyo, mara nyingi huongeza toazi zito lingine kando ya lile la kwanza: tume mpya, kitengo kipya, namba mpya ya simu, vyote vikingoja kishindo kilekile.

Wanaharakati na wanafunzi nao wana la kuzingatia. Toazi jembamba likipigwa kwa mkono uliozoea zito, hupasuka mapema. Ofisa anayejibu barua ya kwanza hastahili kelele zilezile anazostahili yule aliyepuuza kumi. Tukiwatendea sawa, wote watajifunza kuwa wazito.

Katika kikundi chetu wapo wanaonung'unika kwamba bado hatusikiki getini. Ni kweli, hatusikiki. Lakini katika nyimbo za taratibu, maneno ya waimbaji sasa yanafika hadi viti vya nyuma, na ni kwa ajili ya maneno hayo watu huja. Nawe mtumishi wa umma unayesoma haya, bila shaka kwenye jalada lako ipo barua ya kwanza ya mtu ambaye bado hajapiga kelele. Unaweza kumjibu leo, kabla hajafundishwa kupiga.