Springi Mpya, Shokamzoba Kuukuu



Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, leo hatuandiki juu ya udhu wala funga. Tunataka kuwasimulia kisa cha gari letu, kwani ndani yake tulipata somo.

Sisi tunasomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, mtaa unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Tulikuwa na Toyota Corolla ya siku nyingi. Springi za mbele zikachoka, na zile za kiwandani zikatushinda bei. Kijana mmoja wa nyumbani, mpenzi wa magari, akatuletea springi za kampuni nyingine, fupi na ngumu, za watu wanaotaka gari likae chini na likate kona kwa kasi. Bei ilikuwa nafuu. Tukazifunga, tukaacha shokamzoba zile zile za zamani, na nyuma hatukugusa kitu. Gari likainama kidogo mbele, vijana wakalisifu, nasi tukafurahi.

Wiki chache baadaye tulikuwa tunarudi kutoka kwenye nikahi Muramvya, mama watoto kando yetu, watoto wanne nyuma. Wanaoijua njia ile wanajua mteremko wa Bugarama: kutoka zaidi ya mita 2,000 unashuka kona kwa kona mpaka mjini, kando ya ziwa. Kwenye kona moja lami ilikuwa imevimba. Gari likaruka, likatua, likaruka tena, na tena. Usukani ukawa mwepesi mikononi. Mbele yetu alikuwa mtu wa baiskeli aliyepakia mikungu ya ndizi. Tulisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Hakusema neno. Alitutazama, akaendelea na safari yake.

Kesho yake tukaenda kwa mzee mmoja fundi. Akainama chini ya gari, kisha akasema: "Maalim, springi inabeba uzito, shokamzoba inaituliza springi. Hii springi yako ina nguvu, inarudi kwa kishindo. Hizi shokamzoba ziliundwa kwa springi laini, tena zimekwisha kuvuja mafuta. Nani atamtuliza mwenzake?" Akatuonyesha pia kwamba springi ikiwa fupi, nafasi ya tairi kupanda na kushuka inapungua, na tairi likiachana na lami, usukani na breki havina la kufanya.

Tulipouliza gharama, tukanyamaza. Siku hizo hizo mzazi wa mwanafunzi wetu akataka kulinunua gari. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Tukajiambia: atakuja na fundi wake, akagundue mwenyewe.

Jioni ile somo lilikuwa biashara. Tukawasimulia watoto jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu wapate kuiona, na akajitenga na mwenye kudanganya. Mtoto mmoja akauliza: "Maalim, na kama mnunuzi hakuuliza?" Tukamjibu kwamba muuzaji lazima aseme. Ulimi ulikuwa mzito, maana tulikuwa tunajijibu wenyewe.

Usiku tukaenda kwa yule mzazi, tukamweleza yote. Akatushukuru, na gari hakununua. Tukatembea kwa miguu miezi miwili mpaka tukapata springi na shokamzoba za mbele zinazolingana.

Ndugu zetu, yule mzee hakusema kwamba vipuri vya kampuni nyingine ni vibaya. Vipo vizuri, na kuchanganya si kosa pale vinapolingana na kazi ya gari lako. Lakini usibadilishe upande mmoja ukaacha wa pili. Badilisha kulia na kushoto pamoja. Springi ngumu itafutie shokamzoba inayoiweza. Muulize fundi kama mbele na nyuma vitaelewana. Ukimaliza, pima mwelekeo wa matairi. Na siku ukiliuza, mwambie mnunuzi ulichofunga.

Watoto walio kiti cha nyuma ni amana, na mtu wa baiskeli usiyemjua jina naye ni amana. Tunamwomba Allah atusamehe kwa siku ile, na awahifadhi nyote safarini.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum.