Kuomba malazi Biharamulo, kuomba malazi Ngara

Ujumbe wa kuomba malazi ya bure mtandaoni husomwa na kijana, lakini nyumba ni ya baba yake. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayenieleza kwamba amepata mwenyeji wa kumlaza upande wa Biharamulo au Ngara. Kijana ana simu, ana Kiingereza kidogo, anafurahi kupata rafiki kutoka Poland au Nairobi. Anajibu "karibu sana" kabla hajamuuliza mama yake kama godoro lipo. Anayeomba kwa adabu huandika mara mbili: kwanza kwa kijana, kisha maneno machache ya kusomewa wazazi, yaanze na shikamoo, yataje jina lake, anakotoka, anakokwenda, na siku atakayoondoka.

Mtindo huu wa kulazana bure una umri mkubwa kuliko intaneti. Servas, iliyoanza 1949 vita vilipokwisha, ilitaka msafiri ahojiwe kwanza na apewe barua ya utambulisho ndipo awaandikie wenyeji. Couchsurfing ilipokuja mwaka 2004, nafasi ya barua ikachukuliwa na sifa ambazo wageni na wenyeji huandikiana. Waendesha baiskeli wana mtandao wao, Warm Showers, nao ndio nimewaona zaidi katika barabara inayotoka Rwanda na kuvuka daraja la Rusumo. Kwa vijiji vya huku, mimi naona Servas ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na desturi yetu. Mtu anayekwenda asikojulikana hupitia kwa mtendaji wa kijiji au kwa paroko, akaandikiwa karatasi yenye muhuri. Sifa hamsini kwenye simu hazimfikishi mbali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ambaye simu yake ni ya vitufe.

Biharamulo ni mji wa njia. Wa Bukoba, wa Mwanza, wa Kahama na Kigoma wote hupita hapa au jirani, Lusahunga na Nyakanazi, na boma la Wajerumani bado limesimama kuwakumbusha watu kwamba wageni hawakuanza jana. Wasubi wamechanganyika na Wasukuma, Wahaya, Waha na Wazinza, na si ajabu nyumba moja ikawa na lugha tatu. Hapa mwenyeji hakuulizi sana wewe ni nani. Anauliza utafika saa ngapi. Swali hilo lina sababu: miaka ya nyuma magari yalivuka mapori ya wilaya hizi kwa msafara, yakisindikizwa na askari, kwa kuogopa majambazi. Hali imebadilika, lakini mama wa nyumba bado hapendi kugongewa mlango saa nne usiku. Anayesema atafika jioni na afike jioni, na basi likiharibika njiani apige simu badala ya kutuma meseji, maana simu huenda iko kwa mtu mwingine inachajiwa.

Ukitoka Lusahunga kuelekea Rusumo, kama kilomita 90 za lami, malori ya kwenda Kigali na Bujumbura yanakupita mfululizo. Unafika Benaco, unachepuka kwenda Ngara mjini, na nchi inabadilika: vilima juu ya vilima, migomba hadi mlangoni, kahawa nyuma ya nyumba. Na swali linabadilika. Huku mwenyeji anataka kujua nani anakufahamu.

Nimesikia wasafiri wakilalamika kwamba watu wa Ngara ni wagumu. Nawakatalia kabisa. Wilaya hii inapakana na Rwanda na Burundi, Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, na undugu umevuka mpaka tangu zamani. Kwa hiyo maafisa huuliza, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu ilipita hapa ikawagusa hata watu waliozaliwa huku. Anayekulaza ndiye atakayekwenda kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti kusema, "Nina mgeni, jina lake fulani." Ukimficha jina kamili au ukazungukazunguka kuhusu safari yako, unamwachia yeye kesi. Msafiri mstaarabu huonyesha hati yake mwenyewe sebuleni, kabla hajaombwa, na anakubali kuongozana na mwenyeji kwenda kusalimia uongozi.

Isitoshe, ni wilaya chache zilizopokea wageni kama hii. Mwishoni mwa Aprili 1994 kiasi cha wakimbizi 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 tu, na Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa kambi kubwa kama jiji. Miti ilikatwa kwa kuni, visima vikazidiwa. Walikaa hadi mwisho wa 1996. Mzee anayekuuliza utakaa siku ngapi anajua kwa macho yake maana ya kuni na maji kuisha. Mjibu idadi kamili. "Tutaona" si jibu la kumpa mtu wa Ngara.

Maji ndiyo yaliyonifundisha adabu kuliko maandishi yoyote. Katika nyumba moja ya mlimani nilimwona binti akipanda kutoka chemchemi alfajiri, dumu la lita 20 kichwani, mdomo wa dumu umezibwa kwa ganda la mgomba, miguu ikitafuta vidato alivyovizoea kwenye udongo mwekundu unaoteleza. Alitua, akavuta pumzi, akarudi tena bondeni. Maji ya kwanza yalipashwa moto yakapelekwa bafuni kwa mgeni. Tangu hapo naomba nusu beseni, na naomba mapema, kabla hayajabandikwa jikoni.

Zawadi apewe mama: sukari, majani ya chai, sabuni ya mche. Pesa ukiiweka mezani asubuhi unaifanya nyumba kuwa gesti, lakini ukimwachia mama kitu kidogo cha chumvi wakati wa kuagana, mkono kwa mkono, hakuna anayeudhika. Na wote tunaijua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa. Biharamulo nimetaniwa nayo waziwazi. Ngara hawakuitamka, mzee alishika kikapu akaenda kuchuma kahawa, nami nikamfuata.

Kukataliwa nako kuna adabu yake. Ni nadra mtu wa huku akuambie hapana. Atasema, "Ngoja nimuulize mzee," kisha kimya. Kimya hicho ni jibu, na kutuma alama za kuuliza tano ni kumwaibisha. Afadhali uandike, "Nashukuru, ndugu yangu, nitalala gesti, lakini ningependa kuja kuwasalimia wazazi." Katika nyumba ambazo hazikuwa na nafasi ya kunilaza nimekaribishwa ndizi na maharage mchana, na kijana aliyekuwa kimya kwenye simu ndiye aliyeninawisha mikono.