Maranda ya Fundi Seremala

Katika nchi ya Bonde, chini ya milima ya Usambara, palikuwa na fundi seremala aliyefanya kazi nyuma ya nyumba yake. Kila jioni maranda ya mvule na mninga yalimfika magotini, na wanagenzi wake waliyachoma moto. Fundi akaona ni hasara. Kitu kilichotoka katika mti, alinena, hakikosi kuwa chakula cha udongo. Neno hilo lilikuwa kweli, walakini nusu tu.

Mkewe alikuwa na matuta 6 ya mchicha, na fedha ya mchicha ndiyo iliyolipa ada ya mtoto wao shuleni. Siku moja, mkewe alipokwenda sokoni, fundi alichukua magunia 4 ya maranda mabichi, akayafukia yote ndani ya matuta, akapanda mbegu juu yake. Hakumwuliza, maana alitaka kumfurahisha. Na mambo mengi ya nyumbani huharibika kwa njia hii.

Mbegu ziliota. Mvua ilitosha, lakini baada ya majuma 3 majani yalikuwa ya manjano, madogo, yasiyouzika. Muhula ukafika, fedha haikuwako. Mtoto alikaa nyumbani majuma 2, hata babaye alipouza meza kwa bei ya kutupa.

"Udongo huu umelaaniwa," fundi akasema.

"Haukulaaniwa, bwana wangu, una njaa," mkewe akajibu. Akamchukua nyuma ya banda la kuku. Yeye alizoea kuwatandikia kuku maranda, na yakiisha kuchafuka aliyatupa pale. Mboga iliyojiotea juu yake ilikuwa imepanda mpaka paani, kijani kabisa. "Maranda ni yale yale, ila haya yamelishwa kwanza."

Naye alisema kweli. Mti huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huhitaji naitrojeni, ambayo pia ndiyo hustawisha majani ya mimea, na katika mbao imo kidogo mno. Basi huichukua udongoni, na mche hukosa fungu lake mpaka maranda yaoze. Samadi ya kuku ina naitrojeni tele, hata vijidudu hushiba bila kunyang'anya mtu.

Fundi akafanya biwi la maranda, samadi na majani mabichi, akalimwagia maji na kuligeuza mara kwa mara. Akichomeka kijiti katikati, kilitoka kina moto. Maranda mabichi aliyatandaza juu ya udongo tu, kuizunguka migomba, mbali kidogo na shina. Huko juu hayadhuru sana, nayo huzuia jua lisikaushe ardhi. Hakuyaweka karibu na nguzo za nyumba, kwa kuwaogopa mchwa, wala hakutia bustanini maranda ya mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Mwaka uliofuata matuta yote 6 yalipandwa tena. Fundi aliendelea kuwakemea wanagenzi waliowasha moto, lakini gunia halikuvuka lango la bustani kabla hajaita, "Mama, niyaweke wapi?"