Tukuyu: Mji wa Mvua Unaotukumbusha Thamani ya Kiraka

Ukitoka Mbeya mjini kuelekea mpaka wa Malawi, unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam pale Uyole na kuanza kupanda. Hewa hubadilika upesi. Isongole, mahali ambapo viazi huuzwa kando ya lami na wageni hushuka kwenda kulitazama Ziwa Ngosi, abiria huanza kufunga madirisha ya basi. Kisha njia huteremka hadi Kiwira, ikapita katikati ya migomba, miparachichi na mashamba ya chai, mpaka Tukuyu, mji mkuu wa Wilaya ya Rungwe, takriban kilomita 70 kutoka Mbeya. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, huonekana kwa muda mfupi asubuhi, kisha hujifunika wingu.

Wajerumani waliufanya mji huu kuwa kituo cha utawala na kuuita Neu Langenburg. Jina hilo limesahaulika, lakini baridi ni ile ile. Mvua ya hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na inapopungua, kati ya Juni na Agosti, baridi na ukungu hushika zamu. Sisi tuliozoea joto la pwani tulitambua jambo moja tangu siku ya kwanza: huku nguo si pambo wala stara peke yake, bali ni kinga ya afya. Mtoto anayekwenda madrasa bila sweta hufika akitetemeka, na anayetetemeka hashiki kalamu sawasawa wala hamsikilizi mwalimu kwa utulivu.

Kwa sababu hiyo tuliona vema, katika safari yetu ya Rungwe, tusiandike juu ya maziwa na maporomoko peke yake. Tumeandika juu ya nguo, na hasa nguo iliyochakaa.

Sokoni

Katika soko la Tukuyu, makoti, masweta na majaketi ya mitumba hutundikwa chini ya maturubai, kwa kuwa mvua haitoi taarifa. Wanunuzi huingiza mkono ndani ya koti kupapasa bitana, huvuta zipu juu na chini, huinua kwapa kwenye mwanga kutazama mshono. Hawaulizi kwanza fasheni. Wanauliza kama nguo itavuka msimu.

Biashara hii ina historia. Wazee wanaikumbuka miaka iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo bidhaa zilikuwa haba na kupata kitambaa kulihitaji foleni. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, mitumba ikaenea nchi nzima. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate nafasi. Marekani ilipotishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru, Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo.

Lipo jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapochagua sweta katika rundo. Sehemu kubwa ya nguo hizo ilianza safari yake kama sadaka. Mtu wa Ulaya au Marekani alizitoa kwa taasisi ya hisani. Nyingine zikauzwa kwa makampuni ya kuchambua, zikafungwa katika marobota, zikavuka bahari. Mchuuzi hununua robota lililofungwa bila kujua kilichomo. Akilifungua, hukuta nguo nzuri, na hukuta pia iliyochanika, yenye madoa au isiyo na vifungo. Hasara ya nguo hizo humwangukia mtu ambaye mtoaji hatamwona kamwe.

Swali likatujia: je, sisi tunapotoa nguo zetu, tunatoa vipi?

Kwa fundi

Karibu na soko, barazani, mafundi hukaa na vyerehani vya miguu. Kazi yao kubwa si kushona nguo mpya. Hupunguza suruali, hubadilisha zipu, hugeuza kola za mashati, hutia viraka vya magoti katika sare za shule. Tulikaa kwa mmoja wao kusubiri mvua ipite, akaja mama mmoja amejitanda kanga mbili, amebeba koti zito la kiume.

"Shikamoo mama," fundi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nataka unitolee makoti mawili ya watoto hapa."

Fundi akaligeuza koti, akalipima kwa futikamba. "Mama, likishakatwa halirudi."

"Kata tu, mwanangu. Mwenyewe hayupo, na watoto wanasikia baridi."

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama alipoondoka alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," na fundi akaanza kufumua mshono wa bega polepole ili asiharibu kitambaa.

Tunaomba familia zisimame kidogo hapa. Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi yake. Ni mali ya warithi kama ilivyo nyumba na shamba, hata kama ni koti moja. Katika misiba mingi ya kwetu nguo hugawiwa majirani na jamaa kabla ya kuulizwa warithi, na waliomo miongoni mwao ni watoto wadogo ambao hawana uwezo wa kutoa idhini. Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, imetoa onyo kali juu ya kula mali ya yatima. Tunapoona fahari kuwavika wengine nguo za marehemu, tuhakikishe kwanza kwamba watoto wake mwenyewe hawalali kwa baridi.

Sadaka si kutupa

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatuamrisha tutoe katika vilivyo vizuri, na anatukataza kukusudia kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Aya hii inaligusa kabati la kila nyumba. Shati lisilo na vifungo, gauni lililofumuka ubavuni, jaketi lenye zipu mbovu: tungepewa sisi, tungevaa mbele za watu? Pwani, jaketi lenye zipu mbovu ni usumbufu mdogo. Rungwe, ni kifua cha mtoto kilicho wazi kwa baridi.

Hatusemi kwamba nguo ya zamani haifai kutolewa. Tunasema itengenezwe kwanza. Anayepokea nguo safi, iliyoshonwa na kupigwa pasi, amepewa nguo na heshima. Anayepokea tambara amepewa kazi ya kulitupa, na aibu juu yake.

Wala kushona kiraka si unyonge. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Katika Muwatta ya Imam Malik, Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kuwa alimwona Umar bin Khattab (r.a.), hali yeye ndiye kiongozi wa Waumini, akiwa na viraka vitatu katikati ya mabega yake, kimoja juu ya kingine. Upande wa pili, Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Basi mizani iko wazi: tusifuje mali, na tusiwe wachafu. Kiraka kiwe safi na kishonwe kwa ustadi.

Kazi za mikono za kufanya nyumbani

Mambo yafuatayo tumeyakusanya kwa mafundi na akina mama. Hayahitaji cherehani isipokuwa pale tulipotaja. Kopo moja lenye sindano, pini, uzi mweusi na mweupe, mkasi mkali, futikamba na vifungo vya akiba linatosha kuanzia.

Kwanza, kagua ukungu. Katika nchi ya mvua, nguo iliyokunjwa ikiwa na unyevu hupata madoa meusi. Ipige brashi nje ya nyumba, iloweke kwa saa moja katika maji yenye siki nyeupe, ifue kwa sabuni, kisha ianike juani hadi ikauke kabisa. Usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Sweta kubwa hutoa kofia mbili za watoto. Tumia sehemu ya chini yenye ukingo wa kuvutika. Kata vipande viwili vyenye tabaka mbili, kila kimoja upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 25. Kabla ya kukata, pitisha mistari miwili ya mshono pembeni mwa alama, kwa cherehani au kwa mishono midogo ya mkono, la sivyo nyuzi zitafumuka. Shona pembeni, kusanya sehemu ya juu kwa uzi imara, kaza na ufunge. Ukingo wa sweta ndio utakaokaa kwenye paji la uso. Mikono ya sweta iliyobaki hufaa kuwa soksi ndefu za kuvaa usiku.

Kanzu ya baba huzaa kanzu ya mwana. Kanzu huchakaa zaidi kolani na kwapani, ilhali sehemu ya chini hubaki imara. Chukua kanzu ya zamani ya mtoto, ilaze juu ya ile kubwa, uchore kuizunguka ukiongeza sentimita 2 za mshono kila upande. Acha pindo refu chini ili mwaka ujao, mtoto akirefuka, uliteremshe.

Baibui lililopauka chini au kuchanika mkono hutoa mtandio wa binti wa madrasa. Lakini kabla ya kukata, liinue kwenye mwanga. Kitambaa kilichokwisha kiasi cha kuonyesha ndani hakifai tena kwa stara. Kipeleke kwenye kazi nyingine.

Shuka huisha katikati. Likate kwa urefu katikati hasa, kisha geuza vipande ili zile kingo za pembeni, ambazo bado ni nzima, zikutane na kushonwa pamoja. Pinda kingo mpya za nje. Shuka hilo litatumika tena kwa miaka kadhaa. Likichoka kabisa, pembe zake zinatosha foronya mbili.

Blanketi la viraka ni kazi ya familia nzima. Kata vipande vya mraba vya sentimita 17 kutoka mashati, magauni na vitenge vilivyochoka. Ukishona kwa kuacha sentimita 1 kila upande, kila kipande kitabaki sentimita 15. Safu 8 za vipande 6, yaani vipande 48, hutoa blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 120. Weka blanketi kuukuu katikati na kitenge nyuma, kisha kamata tabaka zote tatu kwa mishono michache kila baada ya vipande viwili.

Suruali ya jinzi iliyotoboka magoti ina mapaja mazima. Mguu mmoja ukishonwa upande wa chini na kutiwa mikanda miwili huwa mfuko wa sokoni. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, mfuko kama huu una kazi kila siku.

Nguo za ndani zilizotumika zisiingie katika hesabu ya kutolewa. Shirika la Viwango Tanzania limekataza hata kuuzwa kwake kwa sababu za kiafya. Hizo, pamoja na fulana zilizokwisha, ni za matambara ya deki.

Baraza la familia

Wapo watakaosema mitumba ni rahisi, kwa nini tuhangaike na sindano? Wahenga walishajibu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono uliofumuka kidogo leo humalizwa kwa dakika tano. Ukiachwa mwezi mmoja, nguo nzima imekwenda. Na mtoto aliyefundishwa kurudisha kifungo chake amefundishwa pia kwamba mali ni amana.

Tunapendekeza hivi. Kabla ya Idi ijayo, kila familia ichague jioni moja baada ya swala ya Isha. Makabati yafunguliwe, nguo zigawiwe mafungu matatu: zinazofaa kutolewa kama zilivyo, zinazohitaji kutengenezwa, na zilizobaki kuwa malighafi ya viraka. Fungu la pili lisiondoke nyumbani mpaka limeshonwa, likafuliwa na kupigwa pasi. Kazi iliyowashinda apelekewe fundi wa mtaa na alipwe haki yake. Kisha masweta yakusanywe peke yake na kupelekwa yanakohitajika: Rungwe, Makete, Njombe na kwingineko ambako Waislamu ni wachache na asubuhi ni za baridi.

Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka zetu, na azijaalie ziwe zile ambazo tungefurahi kuzipokea sisi wenyewe. Amin.