Mwache Alie

Ukitoka Embu kwenda Meru, ukishapita Chuka, barabara huteremka kwa kona kali hadi daraja la mto Nithi. Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia bondeni hapo. Zaidi ya watu 30 walifariki. Wengine walikuwa wamekwisha kufa mahali hapo hapo miaka ya nyuma, na wapo abiria ambao mteremko ukianza tu, huanza kusali kimoyomoyo.

Katika matanga mengi ya misiba kama hiyo, wafariji hutanguliza neno moja: usilie, ni mapenzi ya Mungu. Najua hulisema kwa upendo. Hata hivyo, humziba mdomo mjane ambaye bado anapiga simu ya mumewe akitumaini itapokelewa. Nani alisema imani inamtaka anyamaze? Yesu alimlilia Lazaro, ilhali alijua atamfufua. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mbona amejificha, na kanisa huzisoma kama sala, si kufuru.

Nikiwaza kilio cha mwenye imani, namkumbuka Askofu David Gitari wa Kanisa Anglikana. Dayosisi yake ya Mlima Kenya Mashariki ilizijumuisha Embu na Meru siku zake. Alikemea mimbarani dhuluma za watawala, na usiku mmoja wa Aprili 1989 genge likavamia nyumba yake huko Kirinyaga. Alipanda juu ya paa na jamaa zake, wakapiga mayowe. Majirani wakasikia, wakaja mbio, wavamizi wakatoroka. Gitari aliendelea kuhubiri vilevile, na mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu. Katika mayowe yale sioni upungufu wowote wa imani. Mungu alimwokoa kwa miguu ya majirani.

Aliyefiwa naye yuko juu ya paa. Nguvu humrudia kidogo kidogo, akina mama wa kanisa wanapofika na kuni, majani ya chai na wimbo, wakakaa naye hata pasipo na la kusema. Kuidai serikali irekebishe barabara ya Nithi ni sehemu ya kilio hichohicho, na wachungaji wasione haya kukibeba.

Lakini baada ya mazishi hema hung'olewa, viti hurudishwa, nyumba ikabaki na watoto wanaodaiwa karo. Hapo ndipo jaribu huanza hasa.

Ndugu msomaji, ukifika kwa mfiwa, iwe Runyenjes, Chuka au Nkubu, mwache alie. Kisha rudi mwezi wa pili, na wa tatu.