Kikonyo, Msasa na Masizi

Ndani ya sanduku la ndege ya VF-1 Valkyrie lililotengenezwa na Hasegawa, vipande vya plastiki hukaa vimeshikamana na fremu zao mithili ya matunda yasiyochumwa. Kile kijiti kinachokishikilia kipande, ambacho hukatwa kwa koleo dogo kabla ya jambo jingine lolote, nilikiita kikonyo. Sikulitafuta neno hilo, lilikuja lenyewe. Binti yangu wa miaka 11, aliyezaliwa hapa Toronto, hukielewa Kiswahili vyema lakini hunijibu kwa Kiingereza. Alilitamka neno mara mbili chini kwa chini, kisha akasema: “Baba, kata na kikonyo hiki.” Nilikata, nisithubutu hata kumtazama usoni.

Ndege yenyewe haijapata kuruka popote. Shoji Kawamori aliisanifu kwa ajili ya Macross, katuni ya Kijapani iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1982. Mabawa yake hukunjuka na kukunjwa kama ya F-14 ya Marekani, na hadithini hugeuka jitu lenye mikono na miguu. Yetu, ya kipimo cha 1/72, haigeuki. Ni ndege tu, yenye urefu wa karibu sentimita 20.

Gundi ya kazi hii haibandiki, bali huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Kisha msasa, kisha rangi ya msingi ya kijivu, ambayo hufichua kila mkwaruzo uliojificha katika weupe wa plastiki. Siku nne zilipita hivyo, kwa maneno machache: shika, puliza, subiri ikauke.

Mazungumzo yalikuja na uchafu. Ndege iliyopakwa rangi safi huonekana kitu cha kuchezea, kwa hiyo mpakaji huipa dalili za kazi. Kwa Kiingereza mambo hayo yote hubebwa na neno moja lililozaliwa na hali ya hewa. Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha hivyo (nami nakishukuru): jua hupausha, kiatu huchubua, moto huacha masizi. Huwezi kuchagua kitenzi kabla ya kujua kisa.

Basi tukabuni visa. Masizi tuliyapaka kwenye matundu ya injini kwa unga wa chaki nyeusi. Nikasema ndege sasa imechakaa.

“Haijachakaa,” akanipinga. “Ikichakaa hairuki. Imetumika.”

Tangu aanze kusema, alikuwa akiyapokea maneno yangu au kuyaacha. Hakuwa amewahi kuniambia kwamba nimekosea neno, tena kwa Kiswahili, tena akiwa na haki. Nikabisha kidogo, ili aendelee.

Akachukua kipande cha sponji, akakichovya katika rangi ya fedha, akakigusisha karatasini hadi kikakaribia kukauka. “Rubani hupandia upande gani?” Nikamweleza kuwa ndege nyingi za kivita hupandiwa kushoto. Akaugusa ubavu wa kushoto chini ya chumba cha rubani, taratibu, pale ambapo buti lingekanyaga.

“Hapa pamechubuka,” akasema.

Upande wa kulia aliuacha mweupe.