Chini ya Peugeot 504

Ufundi niliuanza Magongo, Changamwe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo Peugeot 504 ndiyo iliyopakia abiria wa safari ndefu. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kila fundi aliyewahi kulala chini yake aliielewa sababu: springi zake ni ndefu na laini, zinameza shimo bila kumtupa abiria. Siku hizi, hapa Kisauni nilikohamia, zinazonijia ni za wenye kuzienzi, nyingine za urithi wa baba, na karibu zote zina maradhi yale yale: kutu.

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hujificha pasipofika brashi: kwenye kikombe inapokalia springi, na nyuma ya bushi. Mwenye gari huja na kopo la rangi nyeusi mkononi. Namwomba aliweke chini kwanza. Mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unafunguliwa, unaoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji baridi mengi, maana ukipiga msasa juu ya chumvi unaisugulia ndani. Ndipo brashi ya waya, mpaka chuma king'ae. Halafu nagonga kwa nyundo ndogo nikisikiliza. Chuma kizima hulia; kilicholiwa kwa ndani huitika kwa sauti butu. Hicho sikipaki rangi kwa bei yoyote.

Wakati wa kusi, unyevu peke yake hukirudishia chuma wekundu kabla ya adhuhuri, kwa hiyo rangi ya kwanza, redoksaidi, naipaka saa ile ile. Springi siipashi moto, hata mwenyewe akitaka gari lishuke. Moto huua nguvu yake.

Linaloharibu kazi nyingi nzuri ni bushi. Fundi hukaza boliti gari likiwa bado juu ya jeki, mikono ikining'inia. Raba ya bushi imeshikamana na chuma. Haizunguki, hujipinda tu. Gari likishushwa, raba hubaki imepindwa usiku na mchana, mwishowe huchanika. Mimi boliti naziacha zimelegea, nashusha gari, nalisukuma huku na huku likae sawa, ndipo nalala chini kukaza. "Mwanangu, gari likazwe lilivyosimama," mzee aliyenifundisha hakuchoka kuniambia.

Nawe mwenye gari la zamani hapa Pwani, hasa unayevuka feri ya Likoni kila siku, lioshe chini kwa maji baridi kila wiki. Rangi ya juu inaweza kungoja.